RISASI ISIYO NA MLIO

Katika maofisi mengi ya Afrika iko kauli moja inayoheshimiwa kuliko amri ya mkubwa. Kauli hiyo ni hii: "Jambo hili linahitaji utafiti zaidi." Ikishaandikwa pembeni mwa barua, jalada hufungwa na kurudishwa masijala, na aliyeiandika huenda nyumbani akiamini kuwa ametimiza wajibu wake. Ni wachache wanaojiuliza kauli hiyo imetumiwa na nani katika historia, na kwa faida ya nani. Habari za madini ya risasi zinalo jibu. Kila mtumishi wa umma na kila mwalimu anapaswa kulijua jibu hilo, kwa sababu wanaolipa gharama ya kauli hiyo ni watoto.

Kiswahili kinatumia jina moja kwa kitu kinachotoka katika mtutu wa bunduki na kwa madini laini ya kijivu yanayotiwa katika betri za magari. Risasi ya bunduki hutoa mlio, na anayeipiga hutafutwa na kushitakiwa. Risasi ya pili haina mlio. Huingia mwilini kwa pumzi, kwa chakula na kwa vumbi linaloshikamana na vidole vya mtoto. Mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ukaipokea na kuihifadhi katika mifupa na meno, na sehemu yake hupenya hadi kwenye ubongo unaokua. Mtoto mdogo hunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile kilichomezwa. Hapigi ukelele wala hatoki damu. Hupungukiwa na umakini, na kumbukumbu, na uwezo wa kujifunza. Shirika la Afya Duniani limekwisha kutamka kwamba hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama.

Sumu hii ilifikaje kila mahali? Mwezi Desemba 1921, katika maabara ya kampuni ya General Motors huko Dayton, Marekani, mhandisi Thomas Midgley aligundua kwamba kimiminika chenye risasi, kikitiwa katika petroli kwa kiasi kidogo, huzuia injini kugonga. Ilikwisha kujulikana kwamba spiriti itokanayo na mimea ingeweza kufanya kazi hiyo hiyo. Lakini spiriti huweza kutengenezwa na mkulima yeyote mwenye mtambo, na hapana bepari awezaye kudai kuwa ni yake peke yake. Kimiminika cha risasi kiliweza kupewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuuza bila mshindani. Penye hataza pana faida, na faida ndiyo iliyotoa uamuzi.

Mwezi Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha Standard Oil katika jimbo la New Jersey walikufa kwa sumu hiyo baada ya kurukwa na akili, na wenzao wengi wakalazwa hospitali. Kabla ya mwezi kwisha, Midgley aliwaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa kimiminika hicho mbele yao ili kuonyesha kwamba hakina madhara. Mwaka uliotangulia mhandisi huyo huyo alikuwa amelazimika kuacha kazi kwa muda na kwenda Florida kupumzika, kwa sababu risasi ilikuwa imemdhuru.

Mwezi Mei 1925 serikali ya Marekani iliitisha mkutano. Daktari Alice Hamilton wa Chuo Kikuu cha Harvard, bingwa wa magonjwa ya viwandani, alionya kwamba penye risasi hapakosi wagonjwa wa risasi. Makampuni yakadai ushahidi. Kamati iliyoundwa ikachunguza kwa miezi michache, ikatamka kwamba hapakuwa na sababu ya kutosha ya kupiga marufuku, ikashauri utafiti uendelee. Utafiti huo uliachiwa nani? Makampuni yenyewe! Fisi akakabidhiwa bucha. Kwa miaka karibu 40 msemaji mkuu wa elimu hiyo alikuwa Daktari Robert Kehoe, aliyekuwa akilipwa na kampuni ya Ethyl iliyouza sumu. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: anayesema risasi inadhuru na athibitishe, na mpaka atakapothibitisha, biashara iendelee. Basi hicho ndicho kiota cha kauli ya "utafiti zaidi". Ilivaa joho la sayansi, nayo ilikuwa mtumishi wa mfuko wa tajiri.

Ukweli ulitoka kwa watu ambao hawakuwa katika orodha ya mishahara ya makampuni hayo. Mwanasayansi Clair Patterson, yule aliyeipima dunia na kukuta umri wake ni miaka bilioni 4.55, alikuta risasi katika kila alichokigusa: hewani, baharini, katika barafu. Mwaka 1965 aliandika kwamba kiasi kilichokuwa kikiitwa cha kawaida katika damu ya Wamarekani kilikuwa uchafuzi wa viwanda. Malipo yake yalikuwa kunyimwa fedha za utafiti na, mwaka 1971, kuachwa nje ya jopo la kitaifa lililochunguza risasi ya hewani.

Kisa cha pili kinawahusu walimu moja kwa moja. Mwaka 1979 Daktari Herbert Needleman alitoa matokeo ya uchunguzi alioufanya katika miji miwili ya jimbo la Massachusetts. Aliwaomba watoto meno yao ya utotoni yaliyong'oka, akapima risasi iliyomo. Walimu wa madarasa, ambao hawakujua jino la mtoto yupi lina nini, waliombwa kueleza mwenendo wa wanafunzi zaidi ya 2,000. Kadiri risasi ilivyozidi katika jino, ndivyo mwalimu alivyozidi kumweleza mtoto huyo kuwa hatulii, hafuati maagizo, hamalizi kazi, na akili yake iko mbali. Waliokuwa na risasi nyingi walishindwa pia katika vipimo vya akili. Miaka kadhaa baadaye wataalamu wawili waliokuwa wametoa ushahidi mahakamani kwa upande wa viwanda walimshitaki Needleman kwa udanganyifu wa kitaaluma. Alichunguzwa, akaonekana hana hatia hiyo.

Mwalimu asomaye habari hii na atazame darasa lake. Yupo mtoto aitwaye mzito, mtukutu, asiyesikia. Si kila mtoto wa namna hiyo ana risasi mwilini. Njaa, malaria na umaskini vina sehemu yao. Lakini inayumkinika kabisa kwamba mmoja wao amekuwa akichapwa viboko kwa kosa lililotendwa na muuza rangi au mmiliki wa karakana ya kuyeyushia betri. Fimbo haitoi sumu mwilini.

Wapo wanaosema kwamba tahadhari ya namna hii ni ya haraka mno, na kwamba sayansi yataka subira. Na watazame mwenendo wa vipimo vya Marekani kwenyewe. Katika miaka ya 1960 daktari hakushituka mpaka damu ya mtoto ifike mikrogramu 60 za risasi kwa desilita. Mwaka 1971 kiwango hicho kikashushwa kuwa 40, mwaka 1975 kikawa 30, mwaka 1985 kikawa 25, mwaka 1991 kikawa 10, mwaka 2012 kikawa 5, na mwaka 2021 kikawa 3.5. Kila kiwango kiliposhushwa, watoto walioambiwa jana kuwa ni wazima walionekana leo kuwa wamedhurika. Waliosubiri ushahidi ukamilike walisubiri juu ya migongo ya watoto hao. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii imeumiza bongo.

Marekani ilipoanza kupunguza risasi katika petroli, matokeo yalionekana. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wastani katika damu ya watoto wadogo ulikuwa mikrogramu 15 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa chini ya 4. Lakini biashara haikufa. Ilielekezwa kwa mataifa maskini. Kampuni ya Innospec, iliyotengeneza kimiminika hicho nchini Uingereza, ilikiri mahakamani mwaka 2010 kwamba ilitoa rushwa kwa maofisa wa Indonesia na Iraki ili nchi hizo ziendelee kununua. Ushahidi wa madhara haukukosekana wakati huo. Kilichokuwako ni bahasha.

Afrika nayo ilionyesha kwamba ikitaka yaweza. Mwezi Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika Kusini mwa Sahara walikutana Dakar na kuazimia kuiondoa petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 eneo hilo zima lilikuwa limeachana nayo. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwezi Julai 2021. Miaka 100 kasoro michache ilipita tangu maonyo ya Hamilton hadi siku hiyo.

Adui hajaondoka, ila amebadili mlango. Mwaka 2020 shirika la UNICEF lilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, ana mikrogramu 5 au zaidi katika damu yake. Mwaka 2023 watafiti wa Benki ya Dunia walikadiria kwamba watu wazima milioni 5.5 walikufa mwaka 2019 kwa maradhi ya moyo na mishipa yaliyotokana na risasi, wengi mno wao wakiwa wa nchi maskini. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya vipimo vya vyombo 42 vya kupikia vilivyosubiwa kwa alumini chakavu kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwamo. Takriban theluthi moja vilitoa risasi ya kuhatarisha. Shirika la Afya Duniani linataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa milioni, nao uchunguzi wa miaka ya 2010 ulikuta katika maduka ya Tanzania rangi za mafuta zilizopita kiwango hicho kwa mbali.

Tena kiko kisa cha jirani. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilianzishwa mwaka 2007 ubavuni mwa nyumba za makabwela. Mfanyakazi wake, Bi Phyllis Omido, mtoto wake alipougua na kukutwa na risasi, aliacha kazi na kuongoza wananchi kudai haki. Alikamatwa, akafikishwa mahakamani, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliwatunukia wananchi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, mahakama ya rufani ikaitengua mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. La kuzingatiwa na kila mwenye muhuri wa serikali ni hili: waliobebeshwa lawama katika kesi hiyo si wenye kiwanda peke yao. Mamlaka za umma zilizopaswa kulinda mazingira na kudhibiti vibali nazo zilikutwa na hatia. Mahakama haikukubali kwamba ofisa aliyekaa kimya hakutenda kitu.

Wako watakaosema kwamba kuzuia ni kumnyang'anya riziki kijana avunjaye betri kwa nyundo uani. Kijana huyo si adui. Yeye na watoto wake ndio wa kwanza kuumia, na ujira wake ni mdogo kuliko wa yeyote katika biashara hiyo. Wanaopaswa kubanwa ni waingizaji na wauzaji wanaochuma kwa betri mpya na kuiacha ile iliyokufa iwe mzigo wa mtaa.

Wala isisemwe kwamba nchi maskini haina uwezo. Mwaka 2019 watafiti nchini Bangladesh walibainisha kwamba risasi iliyokuwa katika damu ya wajawazito wa vijijini ilitokana na manjano, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wakiyatia rangi yenye risasi ili yang'ae. Serikali haikuagiza utafiti mwingine wa miaka kumi. Ilitangaza magazetini, ikapeleka mahakama ya kutembea sokoni, ikawatoza faini wahalifu hadharani. Mwaka 2019 asilimia 47 ya manjano yaliyopimwa sokoni yalikuwa na risasi. Mwaka 2021 hayakuonekana hata moja.

Hapo ndipo utafiti ulipofanya kazi yake ya halali: kuonyesha sumu ilipo ili mkono wa dola uifuate. Tanzania inavyo vyombo vya kufanya vivyo hivyo. Iko maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, liko Shirika la Viwango, liko Baraza la Mazingira. Kinachotakiwa ni kuigeuza kanuni ya Kehoe kichwa chini miguu juu. Anayetaka kuuza rangi, sufuria au betri na athibitishe kwanza kwamba haimdhuru mtoto, na gharama ya kuthibitisha iwe juu yake. Muuza betri na alazimishwe kuipokea iliyokufa. Shule na zahanati zilizo karibu na karakana za betri ziwe za kwanza kupimiwa damu za watoto, na matokeo yasomwe kwa wazazi kwa Kiswahili, katika mkutano wa kijiji au mtaa.

Tangu uhuru wa mwaka 1961 taifa hili limetangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini. Risasi inawatumikia maadui wote watatu kwa pamoja: humtia mtoto maradhi, humnyima elimu akiwa amekaa darasani, na kumwachia umaskini wa maisha yake yote. Ofisa atakayeletewa jalada lake kesho, na aliandike agizo juu yake kabla ya kulifunga.