Shule inatukumbuka kwenye michango tu



Nina dukuduku ambalo najua wazazi wengi wenye watoto katika shule za kata tunalo moyoni.

Mwanangu yuko Kidato cha Pili huku Chanika, Dar es Salaam. Kila siku anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, kavaa sare, mkononi ana nauli ya kwenda na kurudi. Muhula wa kwanza ulipoisha nililetewa ripoti yake. Ameporomoka kutoka nafasi ya 18 hadi ya 97 katika kidato chao chote. Penye maoni ya mwalimu wa darasa paliandikwa maneno mawili tu: "Aongeze bidii."

Nilimsema sana. Hata kumchapa nilimchapa, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Shule zilipofunguliwa, jirani akaniambia amemwona mwanangu saa nne asubuhi kajikalia kituo cha daladala. Kesho yake nikaenda shuleni. Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akapitisha kidole kwenye mstari wa jina la mwanangu, akawa anahesabu. Siku 31 hakuwepo. Mwalimu alijua, kiranja alijua. Mimi ninayemwamsha kila alfajiri ndiye nisiyejua.

Tulipomkalisha mtoto kwa upole ndipo alipofunguka. Wanafunzi watatu wa Kidato cha Nne walikuwa wakimvizia njiani, wanamnyang'anya nauli na kumwita jina la kumdhalilisha mbele ya wenzake. Nikakumbuka shati lililorudi limechanika mfuko, akasema limenasa kwenye msumari. Bidii ingetoka wapi kwa mtoto anayeogopa hata kulisogelea geti la shule?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba njia ya kutupata wazazi ipo. Lipo kundi la WhatsApp la darasa. Muhula huo huo tulitumiwa ujumbe wa mchango wa chakula, wa mlinzi na wa mitihani ya majaribio. Nilipochelewa kulipa nilipigiwa simu mara mbili ndani ya wiki moja. Ada ya sekondari hadi Kidato cha Nne ilifutwa mwaka 2016, na michango tunaitoa kwa sababu tunaijua hali ya shule zetu. Lakini simu inayonifikia kwa ajili ya mchango inashindwaje kunifikia kwa ajili ya mtoto?

Siwatupii walimu mzigo wote. Darasa la mwanangu lina watoto zaidi ya 70, na mwalimu anaweka vocha kwa pesa yake. Kwa hiyo naomba wakuu wa shule na maofisa elimu watenge fungu dogo la muda wa maongezi. Mzazi atumiwe ujumbe mtoto asipoonekana, usisubiri ripoti ya muhula. Mwalimu wa malezi atambulishwe kwetu, namba yake tuwe nayo, ili mzazi mwenye wasiwasi ajue pa kuanzia na mtoto anayeonewa apate wa kumwambia bila kuitwa mmbea. Na vikao vya wazazi vianze na mahudhurio na nidhamu, michango ifuate.

Nasi wazazi tuna deni letu. Tuhudhurie vikao, tuache namba zinazopatikana, na tukiitwa twende kusikiliza, si kugombana na mwalimu.

Mwisho wa mwaka mwanangu atafanya upimaji wa kitaifa wa Kidato cha Pili, na asipofikia kiwango atakariri darasa. Sasa anasindikizwa na kaka yake, na hajakosa hata siku moja. Lakini zile siku 31 hazirudi.

Majina yanaitwa kila asubuhi darasani. Jina lisipoitikiwa, mzazi aambiwe siku hiyo hiyo.

Mzazi wa Kidato cha Pili,
Chanika, Dar es Salaam.