Paka wa Ndani na Uchafu Wake: Jibu kwa Mama wa Kimilili



Barua ya juma hili imetoka mbali na pwani yetu. Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kimilili, katika Kaunti ya Bungoma chini ya Mlima Elgon, anaandika kwamba paka wake dume, mwenye umri wa mwaka na kitu, hatoki nje tangu mvua zilipoanza, kwa matope na kwa mbwa wa jirani. Amewekewa karai la mchanga jikoni. Sasa ni majuma matatu anahara, na harufu yake imeshinda udi. Pengine hutumia karai, pengine huacha kando yake, na mara mbili amechafua mswala. Juu ya hayo, ukutani karibu na pazia kuna harufu nyingine, kali, ya mkojo. Mama mkwe asema mnyama huyu ametumwa. Mume ameshatafuta gunia la kumtilia akamwache sokoni Kamukuywa. Na mwandishi mwenyewe ni mja mzito, tena ameambiwa kuwa paka huharibu mimba. Anauliza paka ana nini, na sala zilizosaliwa juu ya mswala ule zina hukumu gani.

Hilo la kutumwa nalimaliza upesi. Paka anayehara tumbo lake limeharibika, kama linavyoharibika la mtoto, na hapana haja ya kumtafuta jirani wa kumshuku. Ama gunia, namwomba mume asubiri. Sote twaijua hadithi sahihi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, wala hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Aliyemfungia mnyama mlango amejitwika riziki yake na maradhi yake. Paka aliyezoea kulishwa ndani, kisha akabwagwa sokoni hali anahara, hana wa kumtazama.

Sasa tuutazame uchafu wenyewe, ijapokuwa si maneno ya kusemwa chakulani. Dada yetu ametaja mambo mawili, naye ameyachanganya. Kuhara ni jambo moja, na mkojo wa ukutani ni jambo jingine.

Katika kuhara, la kwanza kuulizwa ni chakula. Barua yasema paka hupewa maziwa ya ng'ombe asubuhi na jioni, ugali, omena (ndio dagaa wetu, kwa jina la huko), na masazo ya mchuzi. Wengi hudhani maziwa ndiyo chakula cha paka. Si hivyo. Paka akishaachishwa ziwa, kimeng'enya cha kuvunjia sukari ya maziwa hupungua tumboni mwake, na sukari ile ikibaki bila kuvunjwa huvuta maji matumboni na kuchachuka. Hapo hutoka choo chepesi chenye harufu ya uchachu. Huyu alipokuwa akitoka nje alikamata panya, akanywa maziwa kidogo tu. Sasa amefungiwa, na maziwa yamekuwa ndiyo mlo. Masazo ya mchuzi nayo yana kitunguu maji na kitunguu saumu, na vyote viwili huharibu damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Ugali haumdhuru ukiwa kidogo, lakini paka ni mla nyama, hauwezi kuwa ndio tegemeo lake.

Basi maziwa na mchuzi viondolewe leo hii. Apewe maji safi wakati wote, kwani anayehara hukaukiwa, na nyama ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, mafuta wala mifupa, kidogo kidogo mara nne kwa siku. Omena wasafishwe mchanga na kuchemshwa, wala wasirudishwe kwa wingi mpaka choo kishikane.

La pili ni minyoo. Dada atazame choo na manyoya ya chini ya mkia. Akiona vipande vidogo kama punje za mchele, huyo ni tegu, na mara nyingi paka humpata kwa kumeza kiroboto anapojilamba. Dawa ya minyoo bila kuondoa viroboto ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Lakini hapa nataka nisikike vizuri, kwa kuwa Kimilili ni nchi ya ng'ombe: dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe isimguse paka, wala unga wa viroboto vya mbwa. Permethrini, ambayo mbwa huistahimili, humuua paka. Wala asipewe paracetamol kwa kuonewa huruma. Kidonge kimoja chatosha kumwua.

Namna ya kuhara nayo ina maana. Akienda mara chache akatoa kingi, taabu iko katika utumbo mwembamba. Akienda mara nyingi akatoa kidogo chenye ute au damu mbichi, huku akijikamua, taabu iko katika utumbo mpana. Choo cheusi kama lami ni damu iliyotoka juu zaidi. Dada aandike haya kwa siku mbili, kisha mume achukue kijichupa chenye choo kibichi, pamoja na paka mwenyewe ndani ya kikapu kilichofungwa, awapeleke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Majuma matatu ni mengi, nami sipendi aishie kwenye kubadilisha chakula tu. Tangu ugatuzi wa 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na afisa anayetibu ng'ombe wa jirani aweza kuulizwa habari za paka bila haya.

Kwa nini aache karai akachafue kando? Karai lenyewe ndilo la kushukiwa. Mchanga huo huchotwa uani, na katika mvua hizi huingia ndani ukiwa umelowa. Paka hapendi kuchimba tope. Uanikwe kwanza, au utumike unga wa mbao mkavu kutoka kwa seremala, kina cha vidole vitatu. Uchafu uondolewe kila siku, na karai lisiwe karibu na sahani yake ya chakula. Hata yeye ana staha yake. Mswala aliuchagua kwa sababu ni laini, na mwenye kuumwa tumbo hutafuta palipo laini.

Ama mkojo wa ukutani, ukiwa ni michirizi midogo iliyoanzia kimo cha mkia wake, huyo amebaleghe na anaweka alama ya milki yake. Akisikia paka mwingine dirishani huzidisha. Kumpiga hakufai kitu. Kumhasi hupunguza sana jambo hili, na hapa wanazuoni wana maneno. Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafii, amekataza kumhasi mnyama asiyeliwa. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wamekubali kwa paka, pakiwa na madhara na pasiwe na mateso. Mimi naelekea kwa hawa wa pili ikiwa ni daktari na dawa ya usingizi, kwa kuwa gunia la Kamukuywa ni mateso makubwa zaidi. Lakini kama anachutama mara kwa mara, analia, na halitoki ila tone au hapana kabisa, hiyo si alama wala si kufunga choo. Njia ya mkojo imeziba, na dume hufa kwayo katika siku moja au mbili. Hapo asingojewe asubuhi.

Sasa mimba. Kijidudu walichokutishia nacho ni toksoplasma. Hatari yake ni ya kweli kwa mtoto, mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mja mzito. Lakini paka hukitoa kwa majuma machache tu, kwa kawaida mara moja katika umri wake, na choo chake hakiambukizi mpaka kikae siku moja au zaidi. Kwa hiyo karai lisafishwe kila siku, na asafishe mume au mkwe, si wewe. Ikibidi uwe wewe, vaa glavu, kisha nawa kwa sabuni. Nyama iive barabara na mboga zioshwe, kwani njia hiyo ndiyo inayosahauliwa. Hapana haja ya kumfukuza paka, na mweleze mkunga wako kuwa unaye.

Na mswala? Kabsha binti Kaab alimmiminia mkwewe Abu Qatada maji ya udhu, paka akaja, naye akamwinamishia chombo anywe, akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema paka si najisi. Ruhusa hiyo ni ya kinywa na mwili. Mkojo na kinyesi chake ni najisi bila shaka. Ondoa kwanza kitu chenyewe, kisha mimina maji juu ya mahali pale mpaka iondoke ladha, rangi na harufu. Usiuchovye mswala ndani ya beseni, maana maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika yote. Ukisugua kwa juhudi ikabaki harufu peke yake, au rangi peke yake, imesamehewa. Vikibaki vyote viwili pamoja, bado. Siki husaidia kuvunja harufu kabla ya maji ya mwisho. Dawa ya klorini usiimwage juu ya mkojo: hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua. Sala uliyo na yakini kwamba najisi ilikuwapo ulipoisali, irudie. Ikiwa yawezekana ilikuja baada ya salamu, huna deni.

Mchanga uliotumika ufukiwe mbali na kisima na mbali na bustani ya sukuma wiki, na watoto wasiuchezee.