Nyayo Hufuatwa, Macho Hayaazimwi

Upo utaratibu katika taasisi za sanaa za Ulaya na Marekani wa kumwalika msanii, akapewa chumba, karakana na posho ya majuma au miezi kadhaa, kisha akatumwa apite kwa miguu mlemle walimopita wachoraji wa mandhari wa kale. Wapo wanaouona utaratibu huu kuwa ni anasa ya walioshiba. Mimi nauona kuwa ni shule, ila kwa sharti moja. Na sharti hilo linatuhusu sisi walimu na wanafunzi hata kama hatujawahi kushika brashi.

Tuchukue mfano wa Malerweg, yaani Njia ya Wachoraji, katika jimbo la Saksonia nchini Ujerumani, karibu na mji wa Dresden. Njia hiyo huzunguka kwa zaidi ya kilomita 110 pande mbili za mto Elbe, ikipanda na kushuka baina ya magenge na minara ya mawe ya mchanga. Wachoraji walianza kuipita katika karne ya 18. Reli ilipopenya bondeni mwaka 1851, wasafiri wengi wakaacha kutembea na njia ikasahaulika. Ilifufuliwa mwaka 2006.

Mashuhuri kuliko wote waliopita huko ni Caspar David Friedrich, aliyezaliwa Greifswald mwaka 1774, akasomea sanaa Copenhagen, akahamia Dresden mwaka 1798 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1840. Huyu ni kinara wa mkondo ambao katika fasihi tunauita Ulimbwende. Picha yake ya mtu aliyesimama juu ya jabali, ametupa mgongo, akiitazama bahari ya ukungu, ilichorwa yapata mwaka 1818, na imo katika jumba la sanaa la Hamburg. Wataalamu wameitambua miamba iliyomo: hii ni ya Kaiserkrone, ile ni Zirkelstein. Hata hivyo, mtu akiizunguka njia nzima hatapata pahali pa kusimama aione mandhari ile kama ilivyo pichani. Friedrich alitembea, akachora kwa penseli jiwe hili hapa na mlima ule kule, kisha akarudi karakanani na kuunda kwa vipande hivyo pahali ambapo hapapo duniani.

Hapo ndipo lilipo sharti langu. Msanii anayekwenda kuitafuta picha ya Friedrich ili aichore upya anatafuta kisichokuwako. Kinachofaa kufuatwa ni nidhamu ya mzee huyo: kutembea, kutazama, kunakili kilichoonekana, na baada ya hayo kubuni. Kazi hiyo huhitaji muda, na muda una gharama. Mkono mtupu haulambwi. Ndiyo maana siioni posho ile kuwa ni israfu.

Jambo la pili ni la majina, nami kama mwanaisimu siwezi kulipita kimya. Eneo hilo huitwa Uswisi ya Saksonia, ilhali Uswisi yenyewe iko mbali. Jina hilo huhusishwa na wachoraji wawili Waswisi, Adrian Zingg na Anton Graff, walioitwa katika chuo cha sanaa cha Dresden mwaka 1766 na ambao milima ile iliwakumbusha kwao. Kabla yao nchi ile ilijulikana kuwa ni Nyanda za Juu za Meissen. Mgeni alitazama, na jina la mgeni likashika. Nasi twayafahamu hayo: baada ya Joseph Thomson kupita mwaka 1883, maporomoko ya Nyahururu yaliitwa kwa jina lake. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyo asipouliza, huja akafunika. Msanii anayelipwa kutembea katika nchi ya watu ana wajibu wa kuwasikiliza wenye nchi.

Isitoshe, njia yenyewe imebadilika. Ukame ulioanza mwaka 2018 uliidhoofisha misonobari, wadudu walao magome wakaivamia, na sehemu kubwa za msitu zikakauka wima. Mnamo Julai 2022 moto ulioanzia upande wa Ucheki ulivuka mpaka na kuingia katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1990. Msanii wa leo akichora misonobari mibichi kwa kuwa tu ndiyo aliyoichora Friedrich, anasema uongo kwa rangi. Anayechora mashina makavu na jivu ndiye mfuasi wa kweli, hata kama picha zao hazifanani.

Walimu wenzangu, tusiyacheke ya ng'ambo. Ni insha ngapi tunazosahihisha ambamo jua hutabasamu, ndege hutumbuiza kwa sauti nyororo, na umande humetameta kama lulu majanini, mwanafunzi awe Lodwar au Limuru? Mtahiniwa huyo hakuazima msamiati pekee. Ameazima na macho. Nasi tunamtuza alama kwa kukariri vizuri.

Tiba yake haihitaji mfadhili. Yahitaji kipindi kimoja, daftari na penseli. Darasa litoke nje ya lango. Kila mmoja anakili vitu kumi alivyoviona, kwa majina wanayoyatumia wenyeji wa hapo, na asipolijua jina aulize. Warudi ndipo waandike, na wabuni watakavyo, maana watakuwa na cha kubunia. Nawe mwanafunzi, usingoje kuamriwa: njia uipitayo kila asubuhi haijaandikwa na mtu kwa macho yako.

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Kwa hisani yao, shuleni ni lazima aambiwe, tena kila siku.