Sabuni tumeleta, kikao je?

BARAZANI, na Zuhura Mbwana

Jumamosi iliyopita nilifuatana na akina mama wa kikundi chetu kwenda kuwaona wazee wa makazi fulani ya wasiojiweza. Tulibeba magunia mawili ya mchele, sukari, sabuni za mche, khanga na nepi za wakubwa. Sipendi fulana za kutangaza msaada, nami sikuvaa. Lakini nilikwenda, na hasira niliyorudi nayo haijanitoka.

Wazee walikuwa wamepangwa chini ya mwembe tangu saa tatu asubuhi. Sisi tulifika saa tano na nusu. Shikamoo zikatolewa, risala ikasomwa, mgeni rasmi akazungumza kwa kirefu juu ya hazina ya busara tuliyo nayo katika wazee. Busara hiyo ilikuwa mbele yake, imekaa kwenye viti vya plastiki, na hakuna aliyeiuliza neno.

Babu mmoja wa mstari wa pili akainua mkono. Mshereheshaji akamwona, akaita muziki. Babu hakuushusha. Mhudumu akamwendea, akamshika kiwiko, akaushusha yeye. Nami nilikuwa napiga makofi ya wimbo pamoja na wenzangu, jambo ambalo sijajisamehe.

Sherehe ilipokwisha nikamfuata, nikamwamkia, nikamuuliza alitaka kusema nini.

“Chakula cha usiku, mjukuu wangu. Wapishi wanawahi kuondoka, basi tunakula saa kumi jioni. Chai ni saa mbili asubuhi. Na mimi nina sukari, nameza dawa.”

Nikahesabu kwa vidole. Saa kumi na sita! Hajawahi kulisema? Amelisema, akaambiwa litafanyiwa kazi. Na nani, lini, hajui.

Mzee huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi. Amepatanisha wanandoa, amepima mipaka ya mashamba, ameamua kesi za mbuzi waliokula mihogo ya watu. Kwetu mwenye shauri alikuwa anatafutiwa wazee, wanakaa kwenye mkeka, hawanyanyuki mpaka limekwisha. Leo mtu aliyewasikiliza wengine hivyo hana pa kupeleka njaa yake mwenyewe.

Tuna Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003. Tuna mabaraza ya wazee hadi vijijini, na wenyeviti wao tunawaona wakikaribishwa mikutanoni. Ukivuka geti la makazi, sauti hiyo inakatika. Niliuliza baraza lao liko wapi, nikaonyeshwa kibaraza cha jikoni. Aliyenionyesha hakuwa na nia mbaya. Hajawahi kusikia kwamba wanaolala pale wanaweza kuwa na kikao chao, chenye mwenyekiti na katibu.

Kule Ontario, Kanada, sheria ya 2021 inataka kila makao ya wazee yawe na baraza la wakazi, na familia zina haki ya kuunda la kwao. Baraza likipeleka lalamiko, mwenye makao ana siku 10 za kujibu kwa maandishi. Marekani nako mfanyakazi haingii kwenye kikao cha wakazi ila akialikwa. Sisemi kule ni peponi. Mwaka 2020 Ontario ilipelekewa wanajeshi kuwahudumia wazee makaoni, na taarifa waliyoandika iliwatoa watu machozi. Lakini siku 10 ni siku 10. Babu wangu ameambiwa “litafanyiwa kazi”, neno lisilo na tarehe.

Nitaambiwa hawa wetu hawana ndugu, ndiyo maana wako pale. Basi ndugu ni sisi! Tulioweza kukodi basi dogo na kupakia magunia hatushindwi kuchagua akina mama watatu warudi kila mwezi bila gunia, wakae na wazee, waandike yanayosemwa, wamkabidhi afisa mfawidhi nakala na kusubiri jibu lenye sahihi. Kinatakiwa chumba chenye mlango unaofungwa, na daftari. Asiniambie mtu kuwa hakuna bajeti ya daftari. Mpishi anawahi kuondoka kwa sababu hakuna mwenye nguvu ya kumuuliza kwa nini, wala mkubwa wake haulizwi.

Niliyasema haya kwenye basi tukirudi. Wenzangu walikuwa wanapanga safari ya Oktoba mosi, Siku ya Wazee, na rangi ya fulana.

Jana picha zimeingia kwenye kundi letu la simu. Ya nne ni ya babu yule, mkono uko juu, macho yamemtoka. Chini yake wameandika: “Mzee akipunga mkono kuwashukuru wageni.”