Mkanda wa Taimingi na Amana ya Fundi



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tuzungumzie jambo linaloonekana ni la gereji tu, lakini ndani yake mna amana: kununua spea za mkanda wa taimingi wa gari la zamani hapa Kisenyi.

Familia nyingi zina Prado, Pajero au RAV4 za miaka ya 1990. Sheria ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia bado yanatembea, na ndiyo yanayobeba watoto wetu. Mengi yao hutumia mkanda wa mpira, si cheni.

Mkanda huo huunganisha kranki na kamshafti ili vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Ukikatika kwenye injini ya dizeli kama 1KZ ya Prado, pistoni hugonga vali na injini hufunguliwa upya. Injini ya 3S-FE ya RAV4 za mwanzo huzimika tu bila vali kugongwa, lakini kuzimika ghafla barabarani na watoto ndani ya gari si jambo dogo.

Tatizo ni kwamba mkanda mzuri na mkanda feki, vikiwa dukani, hufanana. Boksi na stika huigwa. Mnunuzi hana kipimo isipokuwa neno la muuzaji. Imam Muslim amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kuna majimaji. Mwenye mali akasema ilinyeshewa na mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Basi muuza spea naye aseme wazi: hii ni orijino, hii ni ya kampuni nyingine, hii ni mtumba. Kila moja ina bei yake, na hakuna dhambi kuuza cha bei nafuu. Dhambi ni kukificha kilivyo.

Lakini maoni yangu hasa ni juu ya fundi. Mwenye gari humpa pesa na kumwambia, "Nenda kaninunulie." Tuseme mkanda unauzwa 150,000, naye anarudi na risiti ya 200,000, tofauti akigawana na mwenye duka. Wengine huita hiyo "chai". Katika fiqhi, aliyetumwa kununua ni wakili, na punguzo alilopata ni la aliyemtuma, ila akiruhusiwa. Ubaya wake hauishii kwenye pesa. Fundi anayelipwa na duka huchagua duka linalomlipa zaidi, si mkanda unaodumu zaidi.

Mafundi watasema ujira ni mdogo. Ni kweli, wenye magari wengi humbana fundi kwenye ujira mpaka akaona njia pekee ni kujilipa kwenye spea. Dawa ni kumlipa kazi yake kwa haki na kwa uwazi, kisha spea ziwe na hesabu yake peke yake.

Kabla ya kununua, zingatieni haya:

1. Chukua aina ya injini na namba ya chesisi. Jina la gari halitoshi, kwa sababu Prado moja na nyingine zinaweza kuwa na injini tofauti.

2. Nunua mkanda pamoja na tenshena, beringi zake na oili sili. Kama pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, ibadilishwe pia, maana kazi ya kufungua ni ileile.

3. Usikubali mkanda wa mtumba hata uking'aa. Mpira huchakaa kwa miaka pia, si kwa kilomita peke yake.

4. Taa ya T-BELT huhesabu kilomita tu, haiuoni mkanda. Kuzimwa kwake si ushahidi kwamba umebadilishwa. Tafuta stika ya Kijapani kwenye injini. Ikiandikwa mwaka H20, ni Heisei 20, yaani 2008.

5. Nenda dukani pamoja na fundi. Risiti iandikwe aina ya spea na jina la duka, na mkanda wa zamani urudishwe mikononi mwako.

Vijana wetu wanaojifunza kazi katika gereji za Kisenyi na Soko la Kisekka, mkumbuke kwamba mteja haoni mlichofunga baada ya kava kurudishwa. Mwenyezi Mungu anakiona, na watoto wa mteja wamekikalia.

Wabillahi tawfiq.