Mkuu wa Shule Apewe Meno, Si Malengo Matupu!

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka tunasikia wimbo ule ule: shule imeanguka, mkuu wa shule awajibike! Wakubwa wanasema hivyo wakiwa kwenye viti vya kuzunguka, na sisi kina yakhe wa Boko tunapiga makofi. Hebu tuulizane, vijana wenzangu: huyo mkuu amepewa nini mkononi?

Februari 2013 nchi ilipigwa butwaa. Watahiniwa 240,903 wa mwaka 2012 walikuwa wamepata sifuri. Ikaundwa tume ya Waziri Mkuu Pinda, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, ufaulu ukapanda pasipo mtoto kuandika hata sentensi moja zaidi. Mwaka huo huo ikaja Matokeo Makubwa Sasa na malengo kutoka juu: ufaulu asilimia 60 mwaka 2013, asilimia 70 mwaka 2014, asilimia 80 mwaka 2015. Nani alikaa na mkuu wa shule ya kata akamuuliza ana walimu wangapi wa hisabati?

Lengo si kitu kibaya. Mkuu mzuri mnamjua. Yuko getini kabla ya kengele, anaingia darasani kumsikiliza mwalimu, anajua nani kidato cha pili bado anasoma kwa kubabaisha. Anajiwekea lengo linaloshikika: mpaka Juni hawa ishirini waandike barua ya Kiingereza inayoeleweka. Shule hiyo itapanda hata kama paa linavuja. Mvivu naye, mpe maabara mpya, ataigeuza stoo.

Lakini walimu wanapangwa na TAMISEMI, yeye anapokea tu. Ruzuku ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Gawa kwa siku 194 za masomo, haifiki shilingi 130; njoo Boko Magengeni unionyeshe inanunua nini. Ada ilifutwa Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango. Posho ya madaraka ya 250,000 tunaambiwa anayo. Sawa, anastahili, ila posho haifundishi fizikia. (Mimi nimesoma shule ya kata, jina naliacha. Fizikia tulikopi madaftari ya kaka zetu.)

Mtu akidaiwa namba asiyoiweza, anaitengeneza. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba, na ya shule kadhaa za Dar es Salaam na Mwanza, kwa udanganyifu. Watoto wakarudia mtihani. Wengine hawaibi, wanachuja: mtoto mzito anaambiwa akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza shule kumi bora, na lilichelewa.

Una mdogo wako shuleni? Nenda mkutano wa wazazi, uliza mambo mawili tu: lengo la mwaka huu ni lipi, na walimu wa sayansi wanapungua wangapi. Jibu la pili mpelekee diwani.