Nani kawasha taa Bondi?

KIBARAZANI na Babu Mchokozi

Shemeji yangu mnamjua. Ndiye yule wa kuku wa mayai waliokuja kuwa majogoo watupu. Jumanne alinikuta kwa kinyozi, povu limenijaa mashavuni, akanisogezea simu hadi puani.

"Shem, tazama. The Fatal Wedding, filamu ya Australia ya 1911. Imepatikana! Wametuma kwenye grupu."

Nikatazama. Bibi harusi analia, sebule inameremeta kwa taa, na watu wanasemezana. Wanasemezana! Filamu bubu imeota ulimi, na wateja wote pale wanaguna kwa huruma. Nusura nimpokonye kinyozi wembe.

Filamu hiyo haipo. Ndiyo ya kwanza kuongozwa na Raymond Longford, aliyeitoa kwenye tamthilia ya kuliza watu ya Theodore Kremer, iliyotoka Marekani. Lottie Lyell aliigiza. Haikubaki nakala. Lakini kilichonichoma ni zile taa. Ili apige picha za ndani, Longford alitumia chumba cha msanii huko Bondi, Sydney, kikaezuliwa paa apate jua. Watu waliigiza sebuleni utosi ukiwaka, leo kompyuta inawawashia balbu!

"Sasa kosa liko wapi? Si wameirudisha?" akauliza shemeji.

Nikamjibu: mama yako akifariki, ukaletewa sanamu la dukani limefungwa kanga, utaliamkia shikamoo? Kinyozi akacheka. Shemeji akanuna. Mimi povu likanikaukia.

Na msiniambie habari za bahati mbaya. Filamu za enzi ile zilipotea kwa sababu wenyewe walishahesabu viingilio vyao, basi. Kwetu kanda za kaseti zinaishia shambani kutishia ndege. Kwao, mikanda ya filamu ya nitrati ya wakati ule iliachwa ioze, iliungua, au iliyeyushwa ili ipatikane fedha iliyomo, namaanisha madini. Kilichobaki ni pengo, nalo ndilo ushahidi wa uzembe. Anayeliziba kwa vikaragosi anawafutia wazembe kesi.

Longford mwenyewe uzeeni alifanya kazi ya ulinzi wa usiku bandarini Sydney. Alikesha akilinda mizigo ya watu, na filamu zake nyingi hazikupata hata mgambo.

Nilipomsimulia hilo, shemeji alijifuta chozi. Kisha akauliza kama na hiyo ina video.